Kwa nini mtaa wa mafriji wa Tokyo uligeuka makao ya mashabiki wa katuni?

Akihabara, katikati ya Tokyo, ni mtaa unaochanganya akili. Chini ya reli kuna vibanda vyembamba vya kuuza swichi, nyaya na rezista, vipuri vidogo kama punje vya kudhibiti umeme. Vuka barabara, unakuta maduka ya sanamu ndogo za plastiki za wasichana wa katuni wenye nywele za buluu, na juu yake mkahawa ambamo wahudumu waliovaa kama vijakazi wa Ulaya ya zamani wanamlaki mteja kwa maneno “karibu tena nyumbani, bwana”. Rezista na nywele za buluu zilikutania wapi?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba Wajapani walipanga. Serikali iliona katuni zao zinapendwa duniani, ikatenga mtaa, ikawaita wafanyabiashara. Jibu hilo linaingia akilini kirahisi kwa sababu tumezoea kuamini kwamba Japani hakuna kinachojiotea chenyewe.

Mpango kweli ulikuwepo, ila ulikuwa wa kitu kingine kabisa. Mwaka 1989 soko la matunda na mboga la Kanda, lililokuwa jirani na kituo cha treni cha Akihabara, lilihamishiwa Ota, wilaya nyingine ya Tokyo, na kuacha kiwanja kikubwa. Mwaka 2001 serikali ya jiji ikatangaza kwamba eneo hilo litakuwa kitovu cha teknolojia ya habari, na jengo la UDX lililofunguliwa 2006 ni matunda ya mpango huo: ofisi, kumbi za mikutano, vioo. Mwaka huohuo wa 2001, bila kumsubiri mpanga miji yeyote, mkahawa wa kwanza wa kudumu wa vijakazi ulifungua milango Akihabara.

Tena kipindi hicho hakuna mwanasiasa ambaye angetaka kupigwa picha na otaku, kama wanavyoitwa mashabiki waliozama katika katuni, michezo ya kompyuta na mambo ya aina hiyo. Mwaka 1989 alikamatwa muuaji wa watoto wa kike, na vyombo vya habari vikaonyesha chumba chake kilichosheheni kanda za video. Doa likawapaka mashabiki wote, wakaonekana watu wa kuogopwa. Serikali ilianza kujivunia katuni baadaye, mtaa ukiwa umeshageuka.

Wengine husema basi ni kampuni za katuni zilizojenga hapo. Hapana. Studio nyingi ziko magharibi ya Tokyo, katika wilaya za Nerima na Suginami.

Historia yenyewe, kwa ufupi: baada ya vita kuisha mwaka 1945, soko la magendo la vipuri vya redio liliota karibu na Kanda. Wateja wake wakubwa walikuwa wanafunzi wa chuo cha umeme cha jirani, waliounda redio na kuziuza. Utawala wa kijeshi wa Marekani ulipoamuru mwaka 1949 vibanda viondolewe barabarani, wachuuzi walihamia chini ya reli ya Akihabara, na baadhi ya vibanda hivyo viko hadi leo. Kisha uchumi ukapanda, na kila familia ikaja hapa kutafuta televisheni, friji na mashine ya kufulia.

Familia hizo ndizo zilizoondoka, na hapo ndipo utamu ulipo. Kadiri watu walivyopata magari, maduka makubwa ya vifaa vya umeme yaliota kando ya barabara za viungani, yenye maegesho ya bure. Akihabara haikuwa na pa kuegesha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 friji haikuwa tena na sababu ya kununuliwa mjini. Wenye maduka waligeukia bidhaa ambayo baba wa familia hakuihitaji bado: kompyuta. Mbegu ilikuwepo, maana mwaka 1976 NEC, kampuni ya Kijapani ya elektroniki, ilifungua hapo kituo cha kuwahudumia wanunuzi wa TK-80, bodi ya kujifunzia kompyuta iliyokusudiwa wahandisi lakini ikagombewa na vijana.

Fikiria saluni ya kinyozi yenye televisheni. Watu wanakuja kunyoa, lakini kwa kuwa kinyozi huonyesha mechi, polepole wanaobaki kwenye benchi ni wapenda mpira tu. Muuza jezi anapita, anaona benchi zima ni wateja wake, anatandika mlangoni. Anafuata wa skafu, wa stika, wa vocha. Mwaka wa tatu mgeni anapita na kuuliza klabu gani imefungua tawi hapa. Hakuna klabu. Kuna benchi lililochuja watu, na wauzaji wenye macho.

Kompyuta ndiyo iliyokuwa benchi la Akihabara. Ilichuja vijana wa aina moja, wengi wakiwa wanaume, na hao hao walipenda katuni na michezo ya hadithi za mapenzi na wasichana wa kuchorwa, ambayo ilichezwa kwenye kompyuta na kuuzwa katika maduka yale yale ya vipuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kaiyodo, watengeneza sanamu kutoka Osaka, walihamisha duka lao la Tokyo kutoka Shibuya, mtaa wa mitindo, kuja hapa. Yakazuka hata maduka yanayokodisha visanduku vya kioo: unalipia kimoja kwa mwezi, unapanga sanamu zako na bei, na zikiuzwa mwenye duka anakata kamisheni.

Maelezo haya ya ladha ya wateja kujenga mtaa yanatokana zaidi na Kaichiro Morikawa, mtafiti wa usanifu majengo aliyeandika kitabu kuhusu Akihabara mwaka 2003. Huwezi kuyapima kwa rula, na kodi za pango zilizoshuka baada ya uchumi kuanguka lazima zilichangia. Lakini Nipponbashi, mtaa wa vifaa vya umeme wa Osaka, ulipita njia ile ile, na huko hapakuwa na UDX wala Kaiyodo kutoka Shibuya. Mashabiki wa kike, kwa upande wao, walikusanyika Ikebukuro, mtaa mwingine wa Tokyo, ambako kompyuta hazikuwa kivutio.

Uchujaji haujakoma. Laox, lililokuwa duka kubwa la kompyuta Akihabara, lilinunuliwa na kampuni ya Suning ya China mwaka 2009 na likageukia watalii wasiotozwa kodi. Agosti 2022 Toranoana, duka la majarida ya mashabiki, lilifunga matawi yake ya Akihabara kwa kuwa wanunuzi walihamia mtandaoni. Tawi lililobaki wazi wakati huo lilikuwa la Ikebukuro.