Wikendi ya tiki Chicago: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kila nikimwalika mtu kwenye wikendi ya tiki hapa Chicago, yaani ya baa zenye mapambo ya Pasifiki na kokteli za ramu, najua atakachosema kabla hajafungua mdomo. Ataniuliza minazi na mji wa theluji wapi na wapi, au atasema vinywaji vya rangi rangi si vyake. Simlaumu. Wikendi yenyewe ni ya kuzunguka: Ijumaa usiku baa moja, Jumamosi mchana ukumbi wenye wachongaji na wauza mashati, jioni muziki kwingine, Jumapili mnamalizia nje kidogo ya jiji. Asiyejua kilichomo ataona ni msafara wa walevi tu. Basi nijibu yale ninayoyasikia mara kwa mara.

"Tiki ni ya Hawaii, na bila ufukwe haina maana"

Jina limetoka Polinesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, hilo kweli. Katika masimulizi ya Wamaori wa New Zealand, Tiki ni mtu wa kwanza, na visiwani Marquesas neno hilo hutaja sanamu yenye umbo la binadamu. Ila baa ya tiki ilizaliwa Hollywood. Marufuku ya pombe ilifutwa Marekani Desemba 1933, na haukupita muda kijana aitwaye Ernest Gantt akafungua baa ndogo aliyoiita Don the Beachcomber. Baadaye alibadilisha hata jina lake mwenyewe, akawa Donn Beach.

Alichokiuza kilikuwa mchanganyiko. Mapambo ya Pasifiki, chakula chenye asili ya Kikantoni (kusini mwa China), na kwenye glasi ramu za Jamaika na Guyana pamoja na ndimu na sukari, yaani ponchi ya visiwa vya Karibi iliyofanyiwa ufundi mpya. Wateja wake walikuwa watu wa miaka ya mdororo wa uchumi ambao nauli ya meli kwenda Tahiti wangeiota tu. Donn alikuwa na bomba la kumwagia maji bati la paa, ili waliokaa ndani wasikie mvua inanyesha na waghairi kuondoka. Fikiria hilo kidogo. Hakuhitaji bahari. Alihitaji chumba chenye giza, taa hafifu na mlango uliofungwa, na kwa hayo Chicago ya mwezi Februari haina mpinzani.

"Chicago imeiga tu mambo ya California"

Hapa ndipo naomba uvumilivu wa msomaji, maana hii ndiyo inayoniuma.

Don the Beachcomber ilifika Chicago mwaka 1940. Aliyeisukuma biashara hadi ikatoka Hollywood ni Sunny Sund, mwanamke aliyewahi kuwa mke wa Donn na ambaye hesabu za biashara alizijua kuliko yeye. Mwaka 1957 Trader Vic's, mkahawa mwingine wa tiki wa California, nayo ikafungua ndani ya hoteli ya Palmer House, katikati ya jiji. Kabla ya hapo, ndugu wawili wa Chicago, Bob na Jack Thornton, walikuwa wameipenda mno ile ya Don, wakaamua wawe na ya kwao. Walikwenda Fort Lauderdale, Florida, na Desemba 1956 wakafungua Mai-Kai, ambayo ipo hadi leo. Na mtu waliyemchukua kuongoza baa alitoka Don the Beachcomber ya hapa hapa Chicago: Mariano Licudine, Mfilipino.

Jina la Licudine linastahili kutajwa kwa sauti. Watu hudhani kokteli za tiki ni kazi ya wazee wawili wenye sifa, Donn na Victor Bergeron wa Trader Vic's. Nyuma ya kaunta walisimama Wafilipino, usiku baada ya usiku, wakipima matone. Donn aliogopa kuibiwa mapishi, kwa hiyo baadhi ya chupa zilibandikwa namba au majina ya siri. Mhudumu alijua atie kiasi gani cha "Don's Mix" bila kuambiwa ndani yake kuna nini. Siri hiyo ilikuja kufumbuliwa miongo mingi baadaye na mtafiti Jeff Berry, kwa msaada wa daftari la mhudumu mmoja wa zamani, Dick Santiago, lililohifadhiwa na familia yake. Don's Mix ikagundulika kuwa maji ya balungi na sirapu ya mdalasini. Mfilipino mwingine, Ray Buhen, alifungua Tiki-Ti yake mwenyewe Los Angeles mwaka 1961, na familia yake bado wanaiendesha.

"Vinywaji vyenyewe ni sukari na nanasi"

Agiza Mai Tai mahali panapojua kazi. Aliyeitunga ni Bergeron, Oakland, mwaka 1944: ramu ya Jamaika iliyokaa kwenye pipa miaka 17, maji ya ndimu moja, kileo cha maganda ya chungwa, sirapu ya lozi kidogo na sukari kidogo. Basi. Ganda la ndimu lililokamuliwa hurudishwa juu ya barafu na kuchomekwa tawi la mnanaa, hata pua ikipita pale inakutana na majani kabla ulimi haujaonja. Ni chachu, ni nzito, na hakuna tone la nanasi. Nanasi liliingia miaka ya 1950, kinywaji kilipofika hotelini Hawaii.

Ukishuka ngazi za Three Dots and a Dash, baa iliyofunguliwa mwaka 2013 na ambayo mlango wake uko uchochoroni, agiza kile kilichoipa jina. Donn Beach alikitunga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwenye kijiti utaona cheri tatu na kipande cha nanasi: nukta tatu na mstari, herufi V katika alfabeti ya Morse, V ya ushindi. Hapo nanasi lina kazi yake.

"Ni wikendi ya kulewa"

Donn mwenyewe alimwekea kila mteja kikomo cha glasi mbili za Zombie, kokteli yake kali ya ramu, na alikuwa na sababu. Kunywa taratibu, kula kwanza, maji kila baada ya glasi, na gari liache nyumbani kwa kuwa kumbi ziko mbalimbali. Usiyekunywa pombe, waambie wahudumu. Ndimu, balungi, mdalasini na lozi vinajitosheleza.

"Hakuna anayeumia, ni mapambo tu"

Hii nayo ni dhana potofu, na mara nyingi inatoka kwetu tunaoipenda tiki. Sanamu tunazozigeuza vikombe ni sura za miungu na wahenga wa watu walio hai. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa mwaka 1893 kwa msaada wa wanajeshi wa Marekani, na menyu za zamani zilijaa picha za wanawake wa visiwani waliovuliwa nguo ili kuuza ramu. Wapolinesia wanapolalamika, wana haki.

Sidhani jibu ni kuzifunga baa. Ila usije na sketi ya majani wala taji la manyoya la kununua, na usicheze hula, ngoma ya Kihawaii, kwa kuigiza. Shati la aloha ni sawa, kwani limeshonwa na kuuzwa Honolulu tangu miaka ya 1930. Ukumbini Jumamosi, muulize mchongaji alijifunza wapi na sura ile ni ya nani. Akijua, atakusimulia kwa furaha. Akiwa wa Polinesia, pesa yako ianzie kwake.

"Nisipohudhuria zote nimepoteza"

Hapana. Ukiwa na nafasi ya mahali pamoja tu, nenda baa ya Hala Kahiki, River Grove, nje kidogo ya Chicago, iliyopo tangu miaka ya 1960. Jina hilo kwa Kihawaii maana yake ni nanasi. Nenda mapema, mchana bado unang'aa nje, kisha simama ndani ya mlango dakika moja bila kutafuta kiti, macho yazoee. Mianzi itaanza kuonekana, halafu taa, halafu nyuso za waliokutangulia.