Imposta sindromu ni nini, na kwa nini inambana zaidi aliye peke yake

Imposta sindromu ni ile hali mtu kazi anaiweza, cheti anacho, matokeo yanaonekana, ila rohoni anajiona feki, anasubiri siku watu wamshtukie. Akifaulu anasema nimeotea tu, akikosea kidogo anaona ndo ushahidi huo sasa.

Wa kwanza kuiandikia kitaalamu ni wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, mwaka 1978, baada ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa masomoni na makazini. Baadaye ikaonekana hata wanaume wanayo. Sio ugonjwa rasmi wa akili, kwa hiyo anayekuuzia dawa yake mtandaoni mpite tu.

Sasa chukulia binti wa Muheza, kasomea umeme VETA, kapata kazi kiwandani pale Tanga, na zamu nzima mwanamke ni yeye tu. Mashine inagoma, anafungua paneli, anakuta kontakta imeungua, anabadilisha, mashine inawaka, halafu supavaiza anamuuliza nani kakusaidia?! Kesho yake kijana walioanza naye kazi kaunguza fyuzi kwa uzembe, watu wanacheka, dogo huyo atazoea, ila ingekuwa yule binti zingeanza zile za wanawake na umeme wapi na wapi. Ukiishi hivyo miezi na miezi utaanza kujiuliza kama kweli hukubebwa. Na mwenye ualbino, au kiziwi aliye peke yake ofisini, hayo anayajua vizuri.

Ndo maana mimi ule ushauri wa "jiamini tu dada" siupendi. Mwaka 2021 waandishi wawili, Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey, waliandika kwenye jarida la Harvard Business Review kwamba wanawake, hasa wasio wazungu, wanaambiwa wajirekebishe wao wakati cha kurekebishwa ni sehemu ya kazi. Naona wana pointi. Kujishuku ni kitu kimoja, kushukiwa ni kingine, na ukivichanganya utajilaumu kwa makosa ya watu.

Utavitenganishaje? Kwanza andika. Kidaftari cha mfukoni tu: tarehe, mashine gani, ilikuwa na nini, ulifanya nini, maana kichwa chenye wasiwasi kinakumbuka fyuzi iliyoungua kinasahau mashine zote ulizowasha. Pili uliza kitu kinachoshikika, "fundi, hapo nimekosea wapi nirekebishe?" Akikuonyesha waya uliolegea, shukuru ujifunze. Akibaki na "aah, nyie bwana", basi hilo ni lake, usilibebe ukaenda nalo nyumbani.

Tatu, na hili kwangu ndo zito, tafuta mwenzio. Hata Clance na Imes walipendekeza watu wenye hali hii wakutane kwa vikundi, maana ukimsikia mama unayemheshimu, labda wa bandarini na miaka yake yote ya kazi, anasema na yeye anajionaga feki, unashtuka kidogo. Hata kigrupu cha WhatsApp cha mafundi wanawake kinatosha kuanzia.

Ila kufanya kazi mara mbili ya wenzio ili uwanyamazishe, hapana, utachoka na wao hawatanyamaza. Na kama imefika hulali, huli, kazini unaenda unatetemeka, nenda hospitali ukaongee na mtu wa afya ya akili.

Supavaiza naye aanze kuuliza "umefanyaje?" badala ya nani kakusaidia.