Salamu za redio ni nini?

Ni ule utaratibu wa msikilizaji kukiandikia kituo cha redio ataje jina lake, anakotoka, watu anaowasalimu na wimbo ambao angefurahi kuusikia. Mtangazaji anasoma, kisha anapiga muziki. Kwenye ratiba kinaitwa kipindi cha muziki, ila wengi waliotega sikio walikuwa wakisubiri majina.

Kwa miaka mingi salamu zilikwenda kwa kadi. Ina nafasi ya jina la mtumaji, sanduku la posta, orodha ya wanaosalimiwa, na chini kabisa ujumbe. Kwenye ujumbe ndiko kwenye utamu. Mtu akiandika "ujumbe unasema, mvumilivu hula mbivu", mtaa mzima unajua kuna jirani anapigwa kijembe. Shangazi yangu alikuwa akianika betri juani tangu asubuhi ili zifike kipindi cha jioni. Zikianza kusomwa za wilaya yetu, watoto tunanyamazishwa kwa jicho tu. Jina la nyumba yetu lilitajwa mara moja, tena limevurugwa matamshi, na tulitamba nalo mwezi mzima.

Wimbo wenyewe nao ulikuwa adimu. Tanzania ya miaka ya 1970 haikuwa na kiwanda cha santuri kinachofanya kazi. Bendi zilikwenda kutolea santuri Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Bendi kama Mlimani Park, iliyoanza 1978, zikawa zinarekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zinabaki humohumo. Ukiutaka wimbo, uungoje hewani. Hukuwa na pa kuununua.

Sasa nyimbo zote zimo kwenye simu, na bado fundi cherehani anafungulia redio kutwa. Nadhani ni kwa sababu wimbo unaoupiga peke yako kwenye simu hauna shahidi. Ukipigwa redioni, unajua dada yako aliyeolewa mbali anausikia dakika hiyohiyo, na kama umetumwa kwake, hawezi kusema hakusikia. Kenya wapenzi wa salamu wamekwenda mbali zaidi: wana vyama, wana majina ya utani wanayojulikana nayo hewani, na watu waliofahamiana kwa kusomwa tu hukutana, wakachangiana hata misiba.

Kadi zimepisha ujumbe wa simu, lakini mpangilio haujabadilika sana. Kwanza wazazi, halafu marafiki, halafu "na wote wanaonifahamu". Mwisho anasalimiwa mtangazaji pamoja na fundi mitambo, ambaye sauti yake hakuna aliyewahi kuisikia.