Kupe wa Maine na ngozi yetu nyeusi

Kila mwaka ifikapo Mei, kupe wachanga wanapoanza kusaka damu, hofu yangu ni ileile: mtu wa jamii yetu hapa Maine, Marekani, atakwenda kwa daktari na baka mgongoni, aambiwe ni fangasi, arudi nyumbani huku Lyme, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe, ukimsambaa mwilini.

Mimi hushughulika na magonjwa yanayoenezwa na kupe. Wengi wenu hapa Portland na Lewiston mmetoka Kongo, Burundi au Rwanda, na huenda mnamjua papasi, yule anayejificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, akauma usiku kwa muda mfupi na kuondoka zake. Kupe wa huku ana tabia nyingine kabisa. Hukaa kwenye nyasi na majani makavu pembezoni mwa msitu, akinyoosha miguu ya mbele akisubiri upite. Akikupata, hutafuta kwapa, kinena au nyuma ya goti, akajishikiza hapo kwa siku kadhaa. Yule mchanga ni mdogo kama mbegu ya mchicha, na akiuma husikii kitu.

Huko kung'ang'ania kwake ndiko kunakotupa nafasi. Bakteria wa Lyme huishi tumboni mwa kupe. Damu yenye joto ikiingia ndipo wanapoanza kuzaliana na kuhamia kwenye tezi za mate, na safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 24. Ukimng'oa mapema, umewahi.

Chanjo ya Lyme nayo inafanya kazi humo humo tumboni mwa kupe, jambo ambalo hunistaajabisha hadi leo. Kingamwili zako, yaani protini za mwili zinazopambana na vijidudu, humezwa na kupe pamoja na damu, zikawaua bakteria kabla hawajakufikia. Marekani iliwahi kuwa na chanjo ya namna hiyo, LYMErix, iliyoidhinishwa 1998 ikaondolewa sokoni 2002 baada ya mauzo kuporomoka kwa hofu ya madhara ambayo uchunguzi haukuyathibitisha. Kampuni za Pfizer na Valneva zilianza majaribio makubwa ya chanjo mpya mwaka 2022. Watafiti wa Massachusetts nao wanajaribu sindano ya kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, ya kuchomwa mara moja kabla ya msimu. Wengine wanaanzia kwa panya wa msituni, maana ndiko kupe wengi hupata bakteria: mwaka 2023 serikali ya Marekani iliruhusu kwa masharti chakula chenye chanjo ya panya.

Sasa turudi kwenye ngozi. Picha nyingi huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwetu baka linaweza kuwa la zambarau, la kahawia, au jeusi kuliko ngozi inayolizunguka, ukadhani umejigonga mahali. Liguse: huenda lina joto kidogo. Mara nyingi haliwashi wala haliumi, ila hupanuka siku hadi siku. Hujitokeza kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, na wengine hawalipati kabisa. Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa watu weusi hugunduliwa zaidi ugonjwa ukiwa umekwisha kufika kwenye viungo au neva. Hilo linaniuma, kwa sababu dawa zipo na hutibu vizuri zikianzwa mapema.

Kwa hiyo mtoto akitoka kucheza uwanjani, mvue, mpapase mwili mzima kwa vidole, hadi nyuma ya masikio na kwenye nywele. Nguo zitie moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, moto mkali, dakika 10. Kuzifua tu hakuwaui kupe wote. Viatu na suruali za kazini zipulizie permethrini, dawa ya kuua wadudu, wala usiipake kwenye ngozi.

Ukimkuta kupe ameshang'ata, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute wima taratibu. Usimpake mafuta wala kumchoma moto. Mpige picha, kisha mwone daktari ndani ya saa 72, kwa sababu katika muda huo anaweza kuamua kukupa dozi moja tu ya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ili kuzuia ugonjwa. Mwambie siku uliyomtoa, na kama alikuwa amevimba kwa damu.