Je, wajua kwa nini video ya bahari ikijaa hupepesa kama taa mbovu?

Mashua iliyopwelewa Bagamoyo ni kitu cha kutazama. Imelala ubavu mchangani, kamba ya nanga imelegea, na watu wanaizunguka kwa miguu kama wanaokagua gari bovu. Saa sita baadaye inaelea, na pale waliposimama hapasimamiki tena. Yote hayo hutokea mbele ya macho yetu, lakini hakuna anayeyaona yakitokea, maana maji hujaa polepole mno.

Kuna njia ya kuyaona. Wapiga picha huiita taimulapsi: unachukua kamera ya kawaida ya picha za mnato, unaifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, unaiagiza ipige picha moja kila baada ya muda fulani, kisha unazionyesha mfululizo kwa kasi ya sinema. Nilijaribu siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, karibu na soko la samaki. Pwani yetu hii, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, kwa hiyo mwanga wa mchana unakutosha tangu mwanzo hadi mwisho. Siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, usijisumbue, bahari haitoki mbali.

Niliweka sekunde 10 kati ya picha na picha. Saa sita zina sekunde 21,600, ndiyo picha 2,160. Sinema hupitisha picha 24 kila sekunde, basi jasho lote lile la ufukweni likawa video ya sekunde 90. Kwa mawingu ningeweka sekunde tatu hadi tano, kwani mawingu yana haraka. Kwa ua linalochanua, hata dakika kadhaa.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinivumilia hadi adhuhuri, kisha akashindwa.

“Kijana, picha gani hiyo haiishi?”

“Nangoja maji yajae, mzee.”

“Maji yatajaa tu, hata usipoyapiga picha.”

Usiku nilipoziunganisha, video ikapepesa. Bahari ilikuwa ikijaa vizuri, mashua zinainuka moja moja, lakini mwanga wa picha nzima ulikuwa unaruka juu na chini bila kutulia. Nikarudi kuzikagua picha zenyewe. Kila moja ilikuwa safi! Kosa halikuwa ndani ya picha yoyote. Lilikuwa kati ya picha na jirani yake.

Kamera ikiwa kwenye otomatiki hupima mwanga upya kila inapopiga. Ngalawa yenye tanga jeupe ikikatiza mbele ya lenzi, kamera hudhani pamekuwa na mwanga mwingi, hivyo hutia giza picha yote, mpaka mbingu na mchanga ambavyo havijabadilika hata kidogo. Ngalawa ikipita, inang'arisha tena. Wingu likifunika jua, mambo ni yale yale, na rangi nayo hubadilika: picha hii ya bluu, inayofuata ya manjano. Ukitazama picha moja moja hutambui. Zikipita 24 kwa sekunde, jicho linakamata kila tofauti.

Dawa ni kuinyima kamera uamuzi. Kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), fokasi na mpangilio wa rangi, vyote unavichagua mwenyewe kwa mkono mara moja, kisha huvigusi. Wenye simu, bonyeza kioo kwa muda mrefu mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Simu nyingi zinakubali.

Hapo mtu hudhani amemaliza. Bado. Lenzi nyingi za kisasa huacha tundu lake wazi kabisa wakati unachungulia, halafu vipande vyembamba vya chuma hulibana kila kamera inapopiga, na kulifungua tena. Vipande hivyo havirudi mahali pale pale kwa usahihi kamili. Tofauti ni ndogo mno, lakini inatosha kuleta kupepesa. Mimi huliacha tundu wazi hadi mwisho, kwenye namba ndogo kabisa ya lenzi, ili vipande visiwe na sababu ya kusogea. Wengine hutumia lenzi za zamani zinazofungwa kwa kuzungusha pete.

Ila tundu wazi kwenye jua la saa saba litaichoma picha. Ndipo kinapohitajika kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi, miwani ya jua ya kamera. Kile kinachopunguza mwanga mara 1,000 huigeuza kasi ya 1/3000 ya sekunde kuwa theluthi ya sekunde, na faida yake ni kubwa kuliko nilivyotarajia: mawimbi, ambayo bila hicho huonekana yakirukaruka kama dagaa kwenye tenga, yanalainika, na wachuuzi wanapita kama kivuli kinachoteleza.

Macheo ndiyo mtihani. Bagamoyo inatazama mashariki, jua linachomoza baharini, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linapanda karibu wima, hivyo giza linageuka mchana upesi sana. Mpangilio mmoja hauwezi kufaa mwanzo na mwisho. Hapo utaketi na kamera, ukipunguza mwanga theluthi ya stopu kila picha zinapoanza kuwa nyeupe mno (stopu moja ni mwanga maradufu), halafu programu ya kompyuta itazisawazisha zile ngazi baadaye. Inachosha, na mbu hawakuonei huruma.

Kosa langu la pili lilikuwa la kijinga zaidi. Stendi niliisimika kwenye mchanga mbichi, na maji yaliposogea miguu ikaanza kuzama taratibu, kwa hiyo kwenye video yangu Bagamoyo yote inapanda juu kidogo kidogo. Simika pakavu, juu ya mstari wa mwani ulioachwa na maji ya jana. Na siku hiyo ikikupita, kesho yake rudi, lakini chelewa dakika 50 hivi, maana bahari nayo itakuwa imechelewa.