Nyumba ya Lamu katika picha za 360: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Si kamera inazunguka yenyewe? Basi dakika kumi tumemaliza." Maneno haya nimeyasikia kwa wenye nyumba za wageni Lamu, Mombasa na Unguja, na siwalaumu. Mtu akimwona mwenzake anavuta picha kwa kidole, anatazama dari, anageuka nyuma, kisha anabofya mlango na kujikuta chumba cha pili, hudhani kamera ndiyo iliyofanya yote. Kazi hii ya kupiga picha za kuzunguka pande zote na kuziunga ziwe ziara ya nyumba mtandaoni naipenda, na nataka ieleweke. Ziara nyingi za mtandaoni huharibika kwa sababu ya dhana aliyokuja nayo mpigaji, hata akiwa na vifaa vizuri.

Dhana ya kwanza ni kwamba panorama ya simu, ile ya kupeleka mkono kutoka kushoto hadi kulia, inatosha. Ile ni utepe tu. Picha kamili hubeba nyuzi 360 za kuzunguka na nyuzi 180 kutoka utosini hadi nyayoni, ndiyo maana ikitandazwa bapa upana wake huwa mara mbili kamili ya kimo chake. Utepe wa simu hauna dari wala sakafu. Katika nyumba ya mawe ya Lamu, ukikosa dari umekosa boriti za mikoko, na boriti ni nusu ya uzuri wa chumba.

Picha kamili hupatikana kwa kuzungusha kamera, kupiga picha kadhaa, kisha kuzishona, yaani kuziunga ziwe moja. Kuna wanaoamini kwamba programu itazishona hata zikipigwa ovyo. Fumba jicho moja, nyoosha kidole mbele ya uso, kisha geuza kichwa kushoto na kulia. Utaona kidole kinahama juu ya ukuta wa nyuma. Kamera nayo huona hivyohivyo ikizungushwa juu ya skrubu ya stendi, kwa sababu inatakiwa izunguke pale miale ya mwanga inapopishana ndani ya lenzi, na mahali hapo huwa mbele ya skrubu. Kwa hiyo kamera hurudishwa nyuma kwa mkono maalumu wa stendi mpaka vitu vya karibu viache kuhama. Ukiwa ufukweni na majahazi yako mbali, unaweza kupiga kwa mkono mtupu na mshono usionekane. Ndani ya chumba, kiti cha enzi kikiwa karibu na lenzi, kamba zake za kusuka zitakatika katikati ya picha na hakuna programu itakayozirudisha. Mwanga, rangi na fokasi navyo vifungwe kwa mkono kabla ya picha ya kwanza. Feni izimwe.

Kamera ndogo za lenzi mbili zilizopeana mgongo hupunguza taabu hii, kwani hupiga pande zote kwa mbofyo mmoja. Hata hivyo lenzi zile haziko mahali pamoja, zimeachana kidogo, na kitu kilicho karibu sana na mstari wa mshono hukatika. Dawa yake ni nyepesi: geuza kamera mpaka mshono uangukie ukuta mtupu.

Halafu kuna hesabu ya pikseli, zile nukta zinazounda picha, ambayo huwadanganya hata mafundi. Kamera ya megapikseli 14, yaani pikseli milioni 14, inasikika kuwa ya kutosha. Ricoh Theta S, kwa mfano, hutoa picha ya pikseli 5376 kwa 2688. Lakini mtazamaji haoni picha nzima kwa mara moja. Skrini yake ikionyesha nyuzi 90, anaona robo ya upana, yaani pikseli 1344, zilizotandazwa kwenye kompyuta yenye upana wa 1920. Ukungu anaouona hautokani na mtandao wake. Ndiyo sababu kwa vyumba vyenye nakshi bado natumia kamera ya kawaida na lenzi ya jicho la samaki, ile inayoona upana mkubwa, nikashona picha kadhaa.

Wengine wakishajua hivyo hukimbilia upande wa pili: picha ya pikseli 16,000 kwa 8,000, faili moja, wakaipakia ilivyo. Simu nyingi za zamani haziwezi kuchora picha inayozidi pikseli 4096 kwa upande, na mtu wa bando dogo atafunga ukurasa kabla haujafunguka. Picha kubwa hukatwa iwe nyuso sita za mchemraba, kila uso ukakatwa vigae vya ukubwa mbalimbali, ili simu ishushe vile tu vinavyotazamwa. Ramani za mtandaoni hufanya kazi kwa njia hiyo.

Na si lazima ulipe huduma ya kila mwezi. Programu ya Hugin hushona picha bure. Pannellum huzionyesha ndani ya kivinjari, nayo ni bure, na ina skripti ya kukata vigae. Tahadhari moja kwa anayeanza: ukibofya faili lako la Pannellum moja kwa moja kutoka kwenye folda, kivinjari kinaweza kukataa kulifungua kwa sababu za usalama. Hujakosea. Liendeshe kupitia seva ndogo, programu inayolifungua faili kana kwamba liko kwenye tovuti, kwenye kompyuta yako, au lipakie kwenye tovuti. Huduma za kampuni ni rahisi kuzitumia, ila kumbuka Tour Creator, huduma ya Google ya kutengeneza ziara kama hizi, iliyofungwa Juni 2021. Picha asili na zilizoshonwa ziwe kwako daima.

Nasikia pia kwamba jengo likishapigwa 360 limehifadhiwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka, na kila picha ya zamani ya ndani yake ikawa na thamani mpya. Lakini picha ya 360 iliyopigwa kutoka sehemu moja haimwambii fundi ukuta ulikuwa na unene gani. Vipimo hutaka kazi nyingine, kama ile ya leza ambayo Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town ilifanya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mimi nahifadhi yale ambayo jicho liliyaona, na nawaambia hivyo wanaonipa kazi.

Sasa nifike kwenye dhana inayoniuma zaidi: kwamba ukishapata picha za vyumba vyote, ziara imekamilika, iliyobaki ni kubandika mishale. Ziara iko kwenye mishale hiyo hasa. Mgeni akibofya mlango ulio mbele yake, afike chumba cha pili akiwa bado anaelekea mbele. Akifika ameelekezwa ukutani, au ameugeukia mlango alioingilia, anapotea, na baada ya mara tatu hajui tena ngazi ziko wapi. Katika kila kiungo unaweza kuandika uelekeo wa kufikia kwa nyuzi. Wengi huliacha jambo hili kwa kuwa linachosha. Mimi hutembea kwanza mikono mitupu, nikiuliza mwenye nyumba hupita wapi akimkaribisha mtu.

Nyumba ya Lamu ina jibu lake tayari. Mgeni huanza dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni penye mabaraza. Njia kisha hujipinda ili apitaye nje asione ndani. Baada ya hapo kuna kiwanda, yaani ua wa ndani wenye anga wazi, halafu msana, ukumbi mrefu unaotazama ua huo, na ndani kabisa ndipo pa watu wa nyumba. Ziara inayomrusha mtu kutoka mtaani hadi kitandani kwa mbofyo mmoja imeubomoa ule ukuta uliopindwa kwa makusudi.

Hapo ndipo inapoanguka dhana kwamba uzuri wa 360 ni kuona kila kitu. Kamera hii haichagui. Inachukua sura ya mpita njia, cheti chenye jina kilichotundikwa ukutani, na dari ya jirani, yaani paa bapa la nyumba yake, ambako wanawake wanaanika nguo. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, sura inayotambulika ni taarifa binafsi ya mtu. Hata pasingekuwa na sheria, darini napanda baada ya kubisha hodi kwa majirani.

Nyumba ya mwisho niliyoipiga, kijana mwenyewe alitaka vyumba vyote. Mama yake alikuwa amekaa msanani.

"Mwanangu, ndani usiingie na hicho chombo," aliniambia.

"Haya, mama. Nikisimama hapa mlangoni je, zidaka zionekane?"

Alinyamaza, akainuka, akavuta pazia la kitanda, kisha akapangusa vumbi kwenye zidaka za chini, vile vishubaka vya ukutani, kwa ncha ya leso yake. "Hapo sawa."

Stendi niliiweka kizingitini. Ziara ile inaishia pale, haina mshale wa kwenda mbele zaidi.