Kuekspoti miksi: kinachotokea faili linapotoka, na sauti huharibikia wapi

Ukishamaliza kupanga sauti za wimbo ndani ya kompyuta, kile ulicho nacho bado si wimbo wa kumpa mtu. Ni traki kadha wa kadha, plagini (vijiprogramu vya kuitengeneza sauti) na feda (vitelezi vya kuongeza na kupunguza sauti) zilizopandishwa na kushushwa. Kuekspoti ni kuiambia programu ivichanganye vyote hivyo na kuviandika kuwa faili moja la stirio. Mafundi wengine husema kubaunsi au kurenda, na wanakusudia jambo hilo hilo.

Kuekspoti hakuongezi ubora hata chembe. Ubora uliomo ama utahifadhiwa, ama utapungua. Mathalani prodyuza yuko Michenzani, mwimbaji yuko Wete, na hakuna atakayepanda boti kwa ajili ya ubeti mmoja, basi sauti inaletwa kwa voisi noti ya WhatsApp. Voisi noti imeshabanwa ili iwe nyepesi, na kilichotupwa huko hakirudi. Ukiitia kwenye miksi, yaani mchanganyiko wa traki zote, kisha ukatoa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, umepata faili zito lililobeba voisi noti. Heri huyo mwimbaji ajirikodi kwa programu ya simu inayohifadhi WAV, halafu alitume faili kama dokumenti, maana hapo hufika kama lilivyo.

Unapobonyeza kuekspoti utaulizwa nambari mbili. Ya kwanza ni idadi ya sampuli kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara ngapi. CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, zilichukua 44,100, kwa kuwa sampuli lazima zizidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa unayotaka kuyanasa, na sikio la binadamu hukomea karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kazi za video hutumia 48,000. Toa kwa kiwango kile kile ulichorikodia, basi. Kurikodi kwa 44,100 na kutoa kwa 96,000 ni kujaza diski bure.

Nambari ya pili ni biti. Kila biti moja inakupa takriban desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa: biti 16 ni kama 96, biti 24 ni kama 144. Kusema kweli, ukirikodi nyumbani, pangaboi na Vespa ya jirani vimeshakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo kabla hujafika popote. Hata hivyo toa biti 24 ikiwa faili linakwenda kufanyiwa kazi nyingine, masta kwa mfano (hatua ya mwisho ya kuuweka wimbo sawa kabla haujatoka), kwa sababu kila linapoguswa hesabu zake hukadiriwa upya. Ukilazimika kushuka hadi 16, washa ditha, mvumo mdogo sana unaoficha makosa ya kukadiria, na iwe mara moja tu, mwishoni.

Sasa panapoharibika miksi nyingi ni kwenye ukubwa wa sauti. Ndani ya faili mna dari, nayo ni desibeli 0. Itazame ganuni: hupigwa kwa vikucha vinavyovaliwa kwenye vidole vya shahada, na kila uzi unapokwatuliwa, mlio huruka juu ghafla kisha hufifia mara moja. Sikio linasema ganuni iko chini, ilhali vilele vyake viko juu sana. Ongeza rika, lile tari dogo lenye vichala, ongeza mwimbaji anayepaza kibwagizo, vilele vitatu vikutane kwa wakati mmoja, hapo mita inawaka nyekundu. Programu nyingi za leo hufanya hesabu kwa namna ambayo hata ukizidi dari humo ndani hakipotei kitu. Ndipo mtu anapodanganyika. Wakati wa kuandika faili la biti 24, kila kilichozidi 0 hukatwa bapa, na ukato huo ndio unaosikika kama mkwaruzo.

Dawa ni kushusha mpaka kilele cha juu kabisa kisimame baina ya -6 na -3. Wapo wanaoishika -6 kama sharia. -3 nayo haimdhuru mtu. Zima nomalaizi (inayoipandisha sauti yenyewe hadi darini), na kama ulitia limita, plagini ya kuzuia vilele, kwenye traki kuu kwa kutafuta ukubwa tu, iondoe. Usibabaike faili likitoka dogo kuliko nyimbo za redioni. Ukubwa huongezwa kwenye masta, na hata huko si wa kukimbizana nao: Spotify husawazisha nyimbo karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kwa hiyo wimbo uliokandamizwa utateremshwa tu, na midundo yake imeshalazwa.

MP3 huja mwisho, nayo hutolewa kutoka kwenye WAV. Hufanya kazi kwa kutupa kile inachokadiria sikio halitakisikia, na waathirika wa kwanza ni vichala vya rika na herufi “s” ya mwimbaji. Wimbo wa taarabu wa dakika 10 katika WAV ya 44,100 na biti 24 unakaribia megabaiti 160; kwa MP3 ya kilobiti 320 unabaki 24 hivi. Huo wa pili wafaa kumsikilizisha mwenye wimbo, lakini usimpe fundi wa masta. Kabla ya kuigeuza iwe MP3, acha kilele kisizidi -1, kwani ubanaji wenyewe unaweza kuvirusha vilele juu ya pale ulipoviacha.

Kitu kidogo kinachosahauliwa sana ni mkia. Noti ya mwisho ya udi, pamoja na mwangwi uliouwekea, huendelea kulia baada ya traki kwisha kwenye skrini. Sogeza alama ya mwisho sekunde chache mbele. Kisha funga mradi, ulifungue faili lenyewe lililotoka, ulisikilize lote kwa hedfoni, halafu kwa spika ya simu, kabla hujamtumia yeyote.